Feri ya Kilifi Kabla Haijasahaulika



Mjini Kilifi kuna mtaa unaoitwa Old Ferry. Mtoto wa huko akiuliza feri yenyewe iko wapi, huenda akakosa wa kumjibu. Feri iliacha kazi mwaka wa 1991, Daraja la Kilifi lilipofunguliwa kuunganisha mji na Mnarani. Daraja hilo, lililojengwa na Wajapani, lina urefu wa mita 420. Kwa wengi hadithi huishia hapo.

Zamani barabara ya Mombasa kwenda Malindi ilikatwa na maji mara tatu. Nyali kulikuwa na daraja la kuelea tangu 1931, na watu walilitumia hadi daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka wa 1980. Mtwapa chombo kilivutwa kwa mnyororo, wavutaji wakiimba. Kilifi ndiyo iliyongoja daraja muda mrefu kuliko zote.

Kungoja huko ndiko kunakohitaji kuandikwa. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, naye yuko Mnarani, alivushwa na nani? Wauzaji wa korosho na mayai waliotegemea abiria wa foleni walifanya nini magari yalipoacha kusimama? Daraja liliondoa adha, lakini pia liliondoa soko. Habari kama hizo haziandikwi kwenye bamba la ufunguzi la daraja lolote.

Aliyekuwa na miaka 30 akifanya kazi kwenye feri mwaka wa 1991 sasa ametimiza 60 na zaidi. Waliovuta mnyororo Mtwapa ni wazee zaidi, na waliobaki ni wachache.

Vijana, simu mnazo. Mketi na babu au nyanya, mrekodi. Kwanza mtaje jina lake, mahali na tarehe ya siku hiyo. Msimwulize, "Ilikuwa mwaka gani?" kwani wengi hawakumbuki hivyo. Muulizeni kama ilikuwa kabla au baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, na 1978 mtaipata wenyewe. Muulizeni nauli, foleni ilifika wapi, na feri ikiharibika watu walilala wapi. Akiukumbuka wimbo wa wavutaji, mwacheni auimbe wote, hata akirudia.

Wazee wawili wakitofautiana, yaandikeni maneno ya wote wawili. Kisha mlinganishe na ripoti za zamani za serikali, ambazo hutafutwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Na picha zozote zilizopigwa kivukoni, kama zimo katika masanduku ya nyumba zetu, zisitupwe kwa kuwa zimefifia. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli (wino hupenya) ni nani waliomo na wamesimama upande gani wa hori, wa mjini au wa Mnarani.