Ari katika mafunzo ya walimu kazini

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayofahamika nchini Tanzania kwa kifupi MEWAKA, hufanyika shuleni penyewe na katika vituo vya walimu. Mwezeshaji mara nyingi ni mwalimu mwenzao, anayeshika chaki darasa la jirani. Hapo ndipo ugumu wa kuamsha ari unapoanzia: wenzake wanamjua fika, wamechoshwa na vipindi vya asubuhi, na madaftari ya kusahihisha yanawasubiri.

Ari haiji kwa kupaza sauti wala kwa kupigisha makofi. Huja pale mada inapogusa tatizo la darasani. Mfano ni somo la kugawanya kwa baki, ambalo huwatatiza watoto. Mwezeshaji anamwaga mezani vifuniko 17 vya soda na kuwaomba walimu wavigawe sawasawa kwa watoto 5. Kila mtoto anapata 3, vinabaki 2, na mjadala unawaka wenyewe: viwili hivyo mwanafunzi aviandike wapi, na kwa nini huwa anavisahau? Mwalimu aliyekuwa akisinzia nyuma anasogeza kiti. Kazi hiyo haihitaji projekta wala umeme.

Mwezeshaji mzuri pia hukiri somo lililomshinda, na heshima yake haipungui. Hapo walimu wakongwe hupata mwanya wa kutoa walichonacho. Muda nao uheshimiwe. Kikao kikianza na kumalizika saa iliyotajwa, walimu hurudi wiki inayofuata bila kusukumwa.