Lango la Ubavuni na Ua wa Bustani



Mtu ajengapo nyumba katika nchi ya milima, iwe Kiambu, Nyeri au Meru, aghalabu hulishughulikia sana lango la mbele, wapitalo wageni. Lango dogo la ubavuni, wapitalo mama na watoto wakienda kuchota maji na kukata majani ya ng'ombe, husahauliwa. Hufungwa kwa kipande cha seng'enge au huzibwa kwa gogo. Lakini mbuzi hajui kupiga hodi mbele, wala mwizi hapendi. Usiku mmoja watosha: sukuma wiki ya miezi mitatu huliwa ikaisha, na asubuhi majirani wawili waliosalimiana miaka mingi husimama mbele ya chifu, mmoja akidai bei ya mboga, mwingine akidai mguu wa mbuzi wake uliovunjwa kwa jiwe.

Kabla ya kuchimba shimo lo lote, yapasa mpaka ujulikane. Tangu vipande vya mashamba vilipoanza kuunganishwa na kuandikishwa kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ua wa miti umekuwa ndio alama ya mpaka katika sehemu nyingi za nyanda za juu. Basi mwenye bustani na amwite jirani yake, watembee mpakani pamoja, mchana, watu wengine wakiona. Kung'oa ua wa zamani na kuusogeza hatua mbili si werevu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 huhesabu kuiharibu alama ya mpaka kuwa kosa.

Kwa ua wenyewe, ni vigumu kupata mlinzi wa bei rahisi kuliko kaiyaba, ule mti wa miiba mirefu ulioletwa kutoka kusini mwa Afrika. Miche hupandwa wakati wa mvua, kwa kukaribiana, nayo hukatwa vilele mapema ili itoe matawi ya chini. Asiyekata hupata ua mnene juu na wazi miguuni, ndipo kuku hupita. Kwa kuwa huchukua miaka kadhaa kufungamana, seng'enge hutangulia. Mnyaa hukua upesi kwa kuchomeka kijiti tu, bali utomvu wake huumiza macho vibaya, na haufai kupandwa kando ya njia ya watoto.

Sasa lango. Nguvu yake yote imo katika nguzo ya bawaba. Moyo mwekundu wa mtarakwa hustahimili mchwa kuliko mkalitusi au muwati usiotiwa dawa. Desturi ya kuunguza mguu wa nguzo motoni ni ya zamani, lakini haizuii kuoza kama watu wadhanivyo, kwani makaa hupasuka na maji yakapenya. Nguzo ya futi 7 na nusu na iingie ardhini futi 2 na nusu. Udongo urudishwe kidogo kidogo, ukishindiliwa kila inchi 6. Wengi hujaza shimo lote mara moja, kisha hukanyaga juu kwa viatu, nayo nguzo huinama mvua ya kwanza inyeshapo.

Upana wa futi 3 watosha toroli kupita. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: ubao wa mshazari. Na uanzie pembe ya chini, penye bawaba, upande hadi pembe ya juu, penye komeo. Uzito wa lango hushuka upande usioshikwa. Ubao uliowekwa hivyo husukumwa, nao huupeleka uzito kwenye bawaba ya chini. Ukigeuzwa, ubao huvutwa, misumari hulegea, na baada ya miezi michache lango huburura ardhini, watoto huchoka kuliinua, nalo huachwa wazi. Akitumia waya badala ya ubao, fundi hufanya kinyume, kutoka bawaba ya juu hadi pembe ya chini ya mbele, kwa sababu waya hauwezi kusukuma. Huweza kuvuta tu.

Mbao za wima zipigiliwe upande wa nje na zile za kulala ziwe ndani. Hivyo ng'ombe akiegemea huzikaza mbao badala ya kuzing'oa, na mtu wa nje hapati ngazi ya kupandia. Bawaba zishikwe kwa bolti zipenyazo mti, nati zikiwa ndani, kwani parafujo za nje hufunguliwa na mwizi bila hata kelele. Kama lango limeangikwa kwa pini, pini ya juu igeuzwe kutazama chini, lisiweze kuinuliwa na kutolewa pamoja na kufuli yake. Chini pasiachwe nafasi ya kupita vifaranga. Jiwe bapa lililozikwa kama kizingiti lafaa, nalo huzuia mbwa kufukua.

Komeo liwekwe ndani, mahali ambapo mama mwenye mtungi aweza kulifikia kwa mkono mmoja. Mvua ya kwanza ikipita, udongo kandokando ya nguzo hushuka. Uongezwe na kushindiliwa tena, na bawaba zitiwe mafuta.