Kipaji na Ujira Wake



Mwaka 1964, mjini London, mbunifu wa michoro aliyejitegemea, Ken Garland, alichapisha tamko lililotiwa sahihi na wenzake. Walilalamika kwamba vipaji vingi vinapotelea katika kutangaza sigara na chakula cha paka, huku vitabu, alama za barabarani na vifaa vya kufundishia vikisahauliwa. Hawakutaka matangazo ya biashara yafutwe. Walidai yenye manufaa ya kudumu yatangulizwe. Garland mwenyewe aliichorea mabango kampeni ya kupinga silaha za nyuklia, na pia aliihudumia kampuni ya vitu vya kuchezea watoto.

Basi nasi tunaoagiza mabango tujihoji. Kijana anayetuchorea bango la kutetea ujira wa vibarua, je, yeye mwenyewe tumemlipa? Asante peke yake hainunui unga. Akijitolea, na iwe kwa hiari yake, si kwa kuona haya mbele yetu. La sivyo, tupatane bei mapema, tumlipe kabla wino haujakauka. Haki tunayoiandika ukutani ianzie mezani petu.