Maji ya Wote, Wajibu wa Wote



Tunapozungumzia haki katika maji, mara nyingi twamtazamia mwenye nguvu mmoja: ama serikali ishike yote, ama tajiri anunue chemchemi. Safari ya mtafiti Elinor Ostrom wa Marekani yatuonyesha njia nyingine.

Mama huyu alizaliwa Los Angeles mwaka 1933. Alipoomba kusomea shahada ya udaktari katika uchumi alikataliwa, kwa kuwa hakuwa na hisabati ya kutosha, somo ambalo shuleni wasichana walikatishwa tamaa wasiendelee nalo. Akaingia katika sayansi ya siasa. Humo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kila mwanafunzi alipewa bonde moja la maji ya ardhini kusini mwa California alichunguze. Yeye alipewa West Basin.

Alikuta nini? Miji, makampuni ya maji na viwanda vilivuta maji kwa pampu kupita kiasi kilichorudi ardhini, hata maji ya bahari yakapenya visimani. Kila mmoja aliogopa kupunguza peke yake, maana alichokiacha kingechukuliwa na jirani. Ostrom alihudhuria mikutano yao, akasoma kumbukumbu zao. Aliona walivyokubaliana mahakamani kiasi cha kila mmoja, na maji baridi yalivyoingizwa ardhini kandokando ya pwani ili kuizuia bahari. Hayo aliyaandika katika tasnifu yake ya mwaka 1965.

Baadaye alichunguza pia mifereji ya umwagiliaji huko Nepal. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alieleza yanayodumisha mali ya pamoja: mipaka inayojulikana, kanuni zinazotungwa na watumiaji wenyewe, uangalizi, adhabu zinazoanza kwa upole, na usuluhishi wa karibu. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alifariki mwaka 2012.

Basi tujiulize. Katika mifereji yetu, je, kila mtu aijua zamu yake? Mjane mwenye shamba la mwisho anasikilizwa kikaoni sawa na mwenye shamba la juu? Avunjaye kanuni huonywa, au huogopwa kwa sababu ya mali yake? Maji yasipogawanywa kwa mapatano, hugawanywa kwa mapanga. Tuviitishe vikao vyetu wakati mto ungali umejaa, tusingoje kiangazi.