Dawa ya Mahindi na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Mahindi ya Lugari na Likuyani, katika kaunti ya Kakamega nchini Kenya, yakishapukuchuliwa na kuanikwa, hutiwa unga wa dawa kabla ya kufungwa magunia. Unga huo huzuia fukusi na dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati aliyegunduliwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akavuka hadi Kenya. Aghalabu huwa na pirimifosi-methili, kemikali ya jamii ya oganofosfeti, pamoja na permetrini. Mahindi humwagwa juu ya turubai, unga ukarushwa juu yake, yakageuzwa kwa koleo au kwa mikono mitupu mpaka punje zipauke. Mara nyingi anayegeuza ni mwanamke, na mara nyingine ni mjamzito. Magunia hulazwa ndani kwa kuhofia wezi. Mwandishi mwenyewe alikua akilala hatua mbili kutoka kwenye magunia hayo, na harufu yake aliizoea kuwa ndiyo harufu ya mavuno.

Wapo wanaoshikilia kuwa mazoea haya hayana neno: mama asipotapika wala kutetemeka, mtoto yu salama. Huegemea kauli ya Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, kwamba kipimo ndicho kinachofanya kitu kiwe sumu. Hoja hiyo hupima mwili wa mama, ilhali anayejengwa ni mtoto. Mrija unaozaa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, kabla wanawake wengi hawajakanyaga kliniki. Baada ya hapo seli za neva huzaliwa, huhama na kuungana kwa mpangilio usiorudiwa. Kipimo kimoja hakiwezi kuwa na maana ileile kwa ubongo uliokamilika na kwa ule ambao bado unapangwa. Minamata, nchini Japani, ilionyesha hayo tangu miaka ya 1950: kina mama wenye dalili chache za sumu ya zebaki walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Baada ya Minamata, uzima wa mama hauwezi tena kuwa cheti cha mtoto.

Ushahidi unaostahili kusomwa kwa utulivu kuliko wote ni wa CHAMACOS, utafiti ulioongozwa na Brenda Eskenazi katika bonde la Salinas, California. Wajawazito walioandikishwa kuanzia 1999 wengi walitoka Meksiko, na kaya zao ziliishi kwa vibarua vya mashambani. Hawakutafutwa kwa sababu ni wagonjwa. Walikuwa wakiendelea na maisha yao. Mkojo wao ulipimwa mara mbili wakati wa ujauzito, na watoto wakafuatwa mwaka baada ya mwaka. Matokeo ya 2011, ya watoto 329 wa miaka 7, yalionyesha kuwa watoto wa kina mama wenye mabaki mengi zaidi ya oganofosfeti walipungukiwa wastani wa pointi 7 za vipimo vya akili, wakilinganishwa na wale wa kina mama wenye mabaki machache kabisa. Elimu ya mama na malezi ya nyumbani vilitiwa katika hesabu, pengo likabaki. Mwaka huohuo Virginia Rauh alikuta madhara ya kufanana New York, mbali na mashamba, kwa klopirifosi, oganofosfeti nyingine, iliyotumiwa majumbani kuua wadudu.

Pirimifosi-methili si klopirifosi, na ukali wake kwa mamalia ni mdogo zaidi. Hilo ni kweli, lakini halimpi mjamzito sababu ya kushika koleo. Kliniki za Kakamega hupima damu, mkojo na shinikizo la damu. Kuuliza magunia yanalala wapi kungechukua dakika moja. Mifuko isiyopitisha hewa huua dumuzi kwa kumnyima oksijeni, bila dawa yoyote. Nyumba yenye mjamzito ndiyo ianze kuipata.