Deni la Hospitali na Mali ya Marehemu
(Hotuba mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimetakiwa niseme machache juu ya swali liulizwalo Likoni, Kisauni na Changamwe kila uingiapo msiba: mgonjwa akifia hospitali ya Serikali naye hajalipa, deni lake ni la nani?

Deni ni la marehemu, nalo hulipwa kwa mali yake. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamwagiza msimamizi wa mirathi atoe gharama za maziko zilizo za kiasi, alipe madeni, ndipo warithi wagawiwe. Kwa Waislamu mpango ni kama huo: maziko, deni, wasia usiozidi thuluthi, kisha mafungu ya warithi. Mali isipotosha, mtoto halazimiki kutoa ya mfukoni mwake, ila kama alitia sahihi ya udhamini. (Karatasi hizo hutolewa usiku, wakati ambapo hapana mwenye moyo wa kusoma. Someni!)

Wako wanaodhani kwamba maiti yaweza kuwekwa rehani. Sivyo. Mwaka 1998 Mahkama Kuu hapa Mombasa iliamua kwamba maiti si mali, wala haishikwi kwa ajili ya deni. Hata hivyo desturi ya kuzuia maiti haikukoma nchini, na huku jamaa wakichanga, ada ya chumba cha maiti yazidi kila siku. Mimi naiona kuwa ni aibu.

Huko Marekani, sheria ya mwaka 1993 yayalazimisha majimbo kudai katika mali ya marehemu gharama za matunzo ya wazee waliosaidiwa na Medicaid baada ya kutimiza miaka 55. Lakini hawadai maadamu mjane yu hai. Jambo hilo latuhusu sana, kwa kuwa mali ya wengi wetu ni nyumba bila ardhi: kuta ni zake, kiwanja ni cha mwingine. Ikiuzwa, bei ni haba, na mjane hana pa kulala.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika mahali pa NHIF. Asiye na mshahara hutozwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mchuuzi wa Kongowea atazitoa wapi? Naomba Kamati ifikirie kuwakopesha wanachama fedha hizo katika mfuko wetu wa maziko, nao wazirudishe kidogo kidogo kila mwezi.