Giza Si Utupu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya nyota, nazo zitatupeleka kwenye jambo moja linalotuhusu sisi wenyewe.

Ukitoka nje usiku usio na mwezi, mahali pasipo na taa za mji, utaona ukanda mweupe umepita angani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Weupe ule ni nyota nyingi mno, zilizo mbali hata macho yetu hayawezi kuzitenga moja moja. Lakini tazama vizuri. Ndani ya weupe ule mna mabaka meusi, kama nguo nyeupe iliyotobolewa. Je, pale pana nini?

Swali hilo liliwasumbua wataalamu wa nyota kwa muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 18 mtaalamu mmoja huko Uingereza, William Herschel, yule aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, aliyaona mabaka hayo kwa darubini yake. Akadhani ni matundu, yaani mahali ambapo nyota zimekwisha. Kwake, palipokuwa na giza hapakuwa na kitu.

Baada yake akaja mtu mwingine, Edward Emerson Barnard, aliyezaliwa mwaka 1857 huko Nashville, Marekani. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mama yake alikuwa maskini, na mtoto alisoma shule kwa muda wa miezi michache tu. Akiwa bado mtoto mdogo aliandikwa kazi katika duka la mpiga picha. Huko ndiko alikojifunza kazi ya picha, na baadaye akaitumia kuipiga picha mbingu. Usiku baada ya usiku aliielekeza kamera yake kwenye yale mabaka meusi. Mwanzoni naye aliyaita matundu. Lakini kadiri alivyoendelea kutazama, ndivyo alivyozidi kuwa na shaka. Mwaka 1919 alitoa orodha ya mabaka 182, naye wakati huo alikuwa amekwisha kukubali kwamba mengi yao si matundu hata kidogo. Ni mawingu. Nyota zipo nyuma yake, ila wingu limezifunika.

Ndugu msikilizaji, si jambo rahisi kwa mtu mwenye sifa kusema, "Nilivyodhani hapo kwanza sivyo."

Basi, mawingu hayo ni ya nini? Si ya mvua. Ni hewa nyembamba sana, zaidi ikiwa ni haidrojeni, iliyochanganyika na vumbi laini kuliko moshi. Ndani yake mna baridi kali, yapata nyuzi 260 chini ya ile inayogandisha maji. Mwaka 1947 mtaalamu aitwaye Bart Bok, mzaliwa wa Uholanzi, pamoja na mwenzake Edith Reilly, waliandika kwamba huenda yale mawingu madogo meusi ndiyo mahali nyota zinapotungwa. Wakati huo haikuwezekana kulithibitisha jambo hilo, kwa sababu darubini za siku zile hazikuweza kuona ndani ya wingu. Bok alifariki mwaka 1983. Ushahidi ulio wazi ulipatikana mwaka 1990, ilipoonekana kwamba mengi ya mawingu hayo yana nyota changa ndani yake. Mwenyewe hakuwahi kuuona ushahidi huo.

Walionaje? Fikirini juu ya jiko la makaa. Usiku mama akiyafunika makaa kwa jivu, ukiingia jikoni huoni mwanga wowote. Utasema moto umezimika. Lakini sogeza mkono wako karibu, nawe utahisi joto. Nyota changa nazo hutoa miali ya joto isiyoonekana kwa macho yetu, na miali hiyo hupenya vumbi lile ambalo mwanga wa kawaida hushindwa kulipenya. Wataalamu walitengeneza vyombo vya kuipokea miali hiyo. Wingu lilikuwa lile lile la siku zote, na nyota zilikuwa zimo tangu zamani. Kilichobadilika ni namna ya kutazama.

Katika orodha ya Barnard liko wingu moja lenye namba 68. Upana wake ni kama nusu mwaka wa nuru, yaani nuru, ambayo hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja, huchukua yapata miezi sita kulivuka. Katika picha ya kawaida ni jeusi tititi. Mwaka 2001 wataalamu watatu, João Alves, Charles Lada na Elizabeth Lada, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao uliofanywa kwa darubini kubwa zilizoko nchi ya Chile. Kwa miali ile ya joto waliziona nyota nyingi zilizo nyuma ya wingu, wakapima jinsi kila moja ilivyofifishwa. Mahali nyota ilipofifia kidogo, vumbi ni jembamba. Ilipofifia sana, vumbi ni zito. Hivyo walilipima wingu zima toka ukingoni hadi katikati, nalo likaonekana kuwa na uzito wa kama majua mawili.

Waliona pia kwamba wingu hilo limo katika mashindano. Uzito wake wenyewe walivuta kuelekea ndani, na msukumo wa hewa yake wazuia usianguke. Nguvu hizo mbili zakaribia kulingana. Uzito ukishinda, wingu litaanguka ndani yake. Kiini kitabanwa na kupata joto, na vumbi litakalosalia litakizunguka kama sahani. Hatimaye kiini kikifikia joto la yapata nyuzi milioni 10, haidrojeni itaanza kuungana na kuwa heliamu, na nyota itakuwa imewaka. Jua letu nalo liliwaka kwa njia hiyo, miaka milioni 4,600 hivi iliyopita.

Labda utauliza, nani aliyekaa miaka yote hiyo akatazama? Hakuna. Lakini mgeni akilitembelea shamba la kahawa kwa saa moja tu, ataona miche kitaluni, miti michanga, miti izaayo na ile iliyozeeka. Kwa saa hiyo moja ataelewa maisha ya mkahawa. Wataalamu nao huyatazama mawingu mengi, kila moja likiwa katika hatua yake. Hata wewe waweza kuona hatua mojawapo bila darubini. Kati ya Disemba na Machi itafute Orioni, ambayo imetajwa pamoja na Kilimia katika kitabu cha Ayubu. Karibu na zile nyota zake tatu zilizo katika mstari pana safu nyingine ndogo, na katikati ya safu hiyo pana doa lenye ukungu. Pale zimezaliwa nyota kwa maelfu, na nuru unayoiona ilianza safari yake kama miaka 1,300 iliyopita.

Wako Wakristo wanaoogopa habari kama hizi. Hudhani kwamba tukijua nyota inavyotungwa, tutaacha kumshukuru aliyeiumba. Lakini mama aliyefundishwa kliniki jinsi mtoto anavyokua tumboni, je, humshukuru Mungu kidogo zaidi siku ya kujifungua?

Sasa, wapenzi, turudi kwetu. Twawaambia habari hizi kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kuyaita mawingu matundu.

Katika ushirika wetu alikuwako mama mmoja, mwalimu wa shule ya Jumapili, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Mumewe akafariki. Baada ya mazishi hakuimba tena. Aliketi kiti cha nyuma, hakutoa ushuhuda, na ibada ilipokwisha aliondoka kimya. Mwanzoni tulimtembelea, lakini hakuwa na maneno, na sisi tukachoka kuketi bila maneno. Mwaka mmoja ukapita, na wa pili ukaingia. Katika kikao cha wazee mmoja wetu alisema kwamba imani ya mama yule imezimika, nasi hatukumpinga. Tulilifuta jina lake katika orodha ya walimu, wala hatukumwuliza.

Baadaye tulikwenda kumzika mzee mmoja kipofu aliyekuwa akiishi peke yake ng'ambo ya mto. Majirani wakatusimulia kwamba kwa muda wote ule mama yetu alikuwa akifika kwa mzee huyo kila Alhamisi, kumtekea maji, kumfulia, na kuketi naye mpaka jioni. Tulikwenda kwake kwa aibu, tukamwomba msamaha. Alitusamehe. Kisha akatuambia, "Wazee wangu, maneno yalikuwa yameniisha, lakini mikono nilikuwa nayo."

Hakurudi kuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na hatuwezi kumlaumu. Sisi tulikuwa tukimpima kwa kuimba kwake na kwa ushuhuda wake. Huo ndio mwanga pekee tuliozoea kuutumia. Laiti tungalisogea karibu, hata bila kusema neno, tungalihisi joto.

Wala hatutaki kuwadanganya ninyi mlio na majonzi leo. Si kila wingu angani huzaa nyota. Mengine hutawanyika. Nalo lile wingu la 68, wengine hukisia kwamba litachukua miaka laki moja au mbili kabla halijaanguka na kuanza kuwa nyota. Kwa hiyo hatuwaahidi kwamba majonzi yenu yatageuka furaha kwa tarehe fulani. Twasema hili tu: usikubali mtu akuambie kwamba kwa kuwa umenyamaza, ndani yako hamna kitu. Wala usijiambie hivyo wewe mwenyewe. Mungu haihitaji darubini ili ayaone yaliyomo.

Na sisi tulio na nguvu, juma hili tufanye jambo moja. Kila mmoja wetu amkumbuke mtu ambaye amekwisha kumhesabu kuwa tundu: kijana aliyeacha shule, jirani aliyeacha kanisa, ndugu aliyeacha kuandika barua. Twende tukaketi naye. Tusiende na hotuba, wala tusiende mara moja tu. Barnard alitazama miaka mingi ndipo akajua alichokuwa akikiona.

Na tuombe. Ee Bwana uliyeziumba nyota, tusamehe kwa watu tuliowahukumu upesi. Wafariji walio gizani usiku huu. Tupe subira ya kutazama tena, na unyenyekevu wa kusema tulikosea. Amina.

Kwa herini, wapenzi wasikilizaji, mpaka tutakapokutana tena. Mungu awabariki.